csTimer na kyubu ya sumaku: miezi tisa ya kukariri algoridhimu, nimetoka na nini

Nianze kwa kukiri. Nina miaka 34, niko steshenari, kazi yangu ni kutoa kopi na kuchapa barua za watu, na mpaka mwaka jana kyubu (ile ya Rubik yenye rangi sita, unazungusha mpaka kila upande uwe na rangi moja) nilikuwa naijua kama dude la kuweka juu ya friji. Aliyeniambukiza huu ugonjwa ni mpwa wangu, ana miaka 13, alikuja kwetu likizo akawa anaipanga huku anaangalia katuni, yaani hata haitazami vizuri, vidole vinakwenda tu halafu anaiweka mezani imeisha. Mtu mzima unajifanya huoni, lakini inakuuma.

Kwa hiyo hii rivyuu ni ya vitu viwili nilivyotumia kujifunza, kyubu yenyewe (MoYu RS3M 2020) na taima (saa ya kupima muda) ya bure inayoitwa csTimer. Nitazichanganya kwa sababu kimoja bila kingine hakijanisaidia sana, na katikati nitaongea habari ya algoridhimu maana huko ndiko watu wengi wanakwama, mimi mwenyewe nilikwama wiki mbili nzima.

Kyubu yangu ya kwanza nilinunua kwa machinga, elfu nne, ina stika za karatasi na ndani ya boksi kuna kikaratasi cha Kichina kimekunjwa mara nane. Usinunue hiyo. Sisemi kwa dharau, kama unataka tu kuijua ni nini sawa, ila ukitaka spidi haikubali. Ukizungusha upande wa juu kabla wa pembeni haujanyooka sawasawa inagoma, inabidi usimame uinyooshe ndo uendelee, na ukilazimisha inaachia, vipande vinaruka chini ya makochi. Mimi ilinirukia usiku, nikaokota vipande, nikavirudisha nilivyoona inafaa, nikaanza kuipanga. Nikapanga mpaka ghorofa ya juu, pale mwisho kimebaki kipande kimoja tu cha ukingo kimegeuka, njano iko pembeni badala ya juu. Kimoja tu! Nikasema huyu nitampata. Siku mbili, aisee. Nimerudia toka mwanzo kama mara thelathini, kila nikifika mwisho kile kipande kinanitazama. Mpwa wangu akaja akaangalia sekunde tatu akasema, "Anko, hii umeifunga vibaya, haitaisha mpaka kesho kutwa." Akaking'oa, akakigeuza, akakirudisha.

Ndo nikajua kumbe kyubu ukiibomoa na ukaifunga kwa kubahatisha, uwezekano wa kuwa inapangika ni 1 kati ya 12. Ukingo mmoja peke yake hauwezi kugeuka kwa kuzungusha, kona moja vilevile haiwezi kujipinda peke yake. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo kwenye kile kikaratasi, au pengine pameandikwa, mimi Kichina sisomi.

Hii ya pili ya sumaku nilimwagiza jamaa anayeuza mtandaoni, ikaja na bodaboda, mimi imenigharimu kama elfu arobaini na nauli yake. Mke wangu aliposikia bei hakusema kitu, aliniangalia tu. Lakini sikilizeni, tofauti ni kama kutoka baiskeli ya kukodi isiyo na breki ukapanda yenye breki. Ndani ya kona na kingo kuna sumaku ndogo, ukizungusha upande ukikaribia kufika unavutwa wenyewe unakaa pale, unasikia tk, ndogo hivi. Kwa hiyo hupitilizi wala hupungukiwi. Na ukiwa umezungusha haraka na upande mmoja bado haujanyooka vizuri, ule mwingine unapita tu haulalamiki. Kukaza na kulegeza unaweza mwenyewe, mimi nimelegeza kidogo maana vidole vyangu vimezoea kupanga karatasi, havina nguvu za fundi. Haina stika, plastiki yenyewe ndo ina rangi, kwa hiyo hakuna kitu cha kubanduka.

Kitu kimoja, na hapa kosa ni la balbu ya kwangu wala si la kyubu. Umeme ukikatika nikatumia ile taa ya kuchaji yenye mwanga wa njano, nyekundu na chungwa zinakuwa ndugu. Nimewahi kumaliza raundi nikashangilia, umeme unarudi naona upande mzima nimechanganya. Basi fanyeni mchana.

Sasa algoridhimu. Kwa asiyejua, algoridhimu hapa ni mfululizo wa mizunguko unaofanya kazi moja maalumu, unaandikwa kwa herufi. R ni upande wa kulia, U wa juu, F wa mbele, L wa kushoto, D wa chini, B wa nyuma. Herufi peke yake maana yake zungusha robo kwa mwelekeo wa saa, ukiona kimkato kama R' ni kinyume cha saa, ukiona 2 ni nusu duara. Ule wa kwanza kila mtu anafundishwa ni R U R' U'. Chukua kyubu iliyopangika ufanye huo mara sita mfululizo, inavurugika, inavurugika, halafu mara ya sita inarudi ilivyokuwa. Mimi nilipoona hivyo nilirudia kama mtoto kwenye swichi ya taa, mteja amesimama dirishani anataka kopi ya kitambulisho.

Mfumo ninaojifunza mimi, ambao ndio wengi wanatumia duniani, unaitwa CFOP, wengine wanauita Fridrich, jina la mama mmoja wa asili ya Cheki, Jessica Fridrich, ambaye aliuweka kwenye mtandao miaka ya 90 na ni profesa kule Binghamton, Marekani. Unaanza na msalaba chini, halafu unajaza ghorofa mbili za chini kwa jozi (kona na ukingo wake vinaingia pamoja), halafu unageuza juu kote kuwe njano, halafu unapanga vile vya juu vikae kila mtu kwake. Hizo hatua mbili za mwisho ndo zina algoridhimu za kukariri, wanaziita OLL na PLL. OLL zipo 57, PLL zipo 21. Jumla 78.

Kosa langu lilikuwa hapo. Mimi mtu wa steshenari, karatasi kwangu si tatizo, nikachapa zote 78, rangi, nikalamineti kabisa! Nikabandika ukutani juu ya mashine ya fotokopi. Nikasema nakariri mbili kwa siku, mwezi na kidogo nimemaliza. Wiki mbili zimepita najua nne, na hizo nne nazichanganya. Mpwa wangu likizo iliyofuata kaja kaona ule ukuta akacheka mpaka akakaa chini. "Anko unataka kufa?" Akanionyesha kwamba unaweza kuvunja kila hatua mara mbili, kwanza unatengeneza msalaba wa njano halafu ndo kona, kwanza kona zikae halafu ndo kingo. Ukifanya hivyo zinatosha 16 tu. Kumi za kugeuza, sita za kupanga. Unatumia mizunguko mingi kidogo lakini kichwa kinapumua.

Kumi na sita nilimaliza kwa wiki tano. Kuna moja ya kutengeneza msalaba, F R U R' U' F', ambayo ukiangalia katikati yake ni ileile ya kwanza imefungwa na F mwanzo na mwisho kama mkate na siagi. Kuna ile wanaiita Sune, R U R' U R U2 R'. Na kuna T, moja ya PLL (hizo zimepewa majina ya herufi, ni majina tu si mizunguko), ambayo ni R U R' U' R' F R2 U' R' U' R U R' F', mizunguko 14, ukiiona imeandikwa unaona bora uache. Siri yake usiisome kama herufi 14. Igawe kama unavyomtajia mtu namba ya simu, hakuna anayetaja namba kumi mfululizo, unataja tatu tatu. R U R' U', pumzi. R' F R2 U', pumzi. R' U' R U, pumzi. R' F'. Siku ya kwanza polepole kabisa, hata mara 20, bila taima.

Halafu linatokea jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Baada ya siku kadhaa vidole vinaijua na kichwa kimeisahau. Juzi mteja mmoja kijana aliniomba nimwandikie hiyo T kwenye karatasi, nikashika kalamu, nikaandika R U R' U', nikakwama. Ikabidi nichukue kyubu, niifanye polepole nikitazama mikono yangu mwenyewe, niandike kinachotokea, kama mtu anayemchungulia mwenzie kwenye mtihani. Na ukinikata katikati siwezi kuendelea pale nilipoishia. Ni kama tulivyokuwa chuoni kwa maalimu, unasoma sura vizuri kabisa, akikusimamisha katikati akuulize neno, ndo basi, lazima uanze upya toka bismillahi. Kwenye daladala dereva akifunga breki nikiwa katikati ya T ndo imeshavurugika yote, abiria wa pembeni mama mmoja akaniambia "pole baba" kama vile nimefiwa.

Hapa ndo csTimer inapoingia. Ni programu ya kwenye brauza, ya bure, hakuna kusajili, mimi sijawahi kuona tangazo mle. Inakupa mvurugo, yaani herufi za kuivuruga kyubu kabla hujaanza, unaufuata, unaweka kidole kwenye namba za taima zinakuwa nyekundu, zikigeuka kijani unaachia, saa inaanza, ukimaliza unagusa popote inasimama. Ukitumia kompyuta ni kitufe cha spesi. Inakuhifadhia kila raundi na kukupigia wastani, wa 5, wa 12, wa 100. Ule wa 5 unatupa iliyo bora kuliko zote na iliyo mbaya kuliko zote halafu zile tatu za katikati ndo zinapigiwa wastani, vilevile wanavyofanya kwenye mashindano ya kweli ya shirikisho la dunia, WCA. Unaweza hata kuwasha zile sekunde 15 za kuikagua kyubu kabla hujaanza, inakuita kwa sauti ukifika 8 na ukifika 12. Bando haili, ukishaifungua mara moja hata data ukizima inaendelea.

Sura yake sasa. Mbaya. Nasema kwa upendo, ni kama dashibodi ya basi la zamani, vitufe kila kona, ukibonyeza kimoja linafunguka boksi lina mambo arobaini ya kutiki na hujui nusu yake ni nini. Kwenye simu ndogo ndo kabisa, vidole vyangu vinagusa vitatu kwa mpigo. Siku ya kwanza nilifunga nikaenda kutafuta nyingine. Nikarudi, kwa sababu mle ndani kuna kitu ambacho ndo kilichonifundisha PLL.

Ni hivi, pale juu kwenye aina ya mvurugo unaweza kuchagua ikupe PLL tupu. Yaani unavuruga, ukimaliza kuvuruga kila kitu chini kiko sawa na juu kote njano, imebaki hatua ya mwisho tu. Na unaweza kutiki zipi zije na zipi zisije. Mimi kila wiki nilikuwa natiki tatu ninazozijua na mbili mpya. Hapo ndo unagundua kwamba kukariri mizunguko ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni KUITAMBUA, uangalie pande mbili uone rangi zimekaaje useme hii ni T, hii ni J, hii ni Y. Karatasi ya ukutani haikufundishi hilo kwa sababu kule zimepangwa kwa mstari na jina limeandikwa chini. Hapa inakuja moja bila jina na saa inakimbia.

Na kuna hesabu moja ya maana sana kwenye kuchagua ipi uanze nayo, mimi niliijua kwa kuchelewa. PLL hazitokei sawa. Zile G zipo nne, zinafanana kama mapacha wanne, kila mtu anazichukia na anaziacha mwisho, mimi pia. Lakini kila G moja inatokea mara 1 kati ya 18, zikiwa nne maana yake katika kila raundi 9 unakutana na G mara 2. Wakati zile N mbili, ambazo mimi nilipoteza siku nne kuzikariri kwa sababu jina lilinivutia, kila moja ni 1 kati ya 72. Yaani nilikuwa nasubiri N kama mtu anayesubiri mvua ya mwezi wa nane, na huku G zinanipiga kila siku. Kwa hiyo nenda kwenye G mapema, umia mapema. Ukishajua kutafuta vile vipande viwili vyenye rangi moja vilivyokaa pamoja (na wapi havipo) zinaanza kutofautiana zenyewe.

Nilipomaliza 21 zote nikategemea miujiza. Kabla nilikuwa kwenye sekunde 48 hivi, nikasema sasa nashuka 30. Nikashuka 44. Nimekaa nimenuna. Basi csTimer ina sehemu ya kugawa saa, unaiambia raundi ina hatua nne, kila ukimaliza hatua unagusa mara moja inarekodi halafu inaendelea. Nikafanya hivyo raundi 30. Msalaba sekunde 6, juu zote mbili jumla 12 hivi, na ghorofa mbili za chini, zile ambazo hazina hata algoridhimu moja niliyokariri, sekunde 26! Zaidi ya nusu ya muda wangu wote nilikuwa naizungusha kyubu huku na huku natafuta kona imejificha wapi. Siyo vidole, ni macho. Toka siku hiyo nikaacha kuongeza algoridhimu, zile 57 za OLL nimejifunza 20 tu mpaka leo, nikawa nafanya ghorofa za chini polepole makusudi bila kusimama, nikiweka jozi moja macho yameshatangulia kutafuta nyingine. Miezi miwili ya hiyo ndo ilinitoa 44 ikanileta 31. Zile 21 zilinipa sekunde nne, hii ilinipa kumi na tatu, fanyeni wenyewe hesabu.

Janga dogo. Rekodi zako csTimer inazitunza kwenye brauza ya simu yako. Simu ikajaa, nikampa mpwa anisafishie, kasafisha kweli, raundi 1,400 zikaenda na maji. Kosa si la programu wala la mtoto, kuna kitufe kabisa cha kutoa nakala kwenye faili na mimi nilikuwa nakiona kila siku, na kazi yangu ni kutoa kopi! Sasa hivi kila Jumapili naitoa najitumia mwenyewe.

Rekodi ya kichwani lakini haifutiki. Mwaka 1982 walifanya mashindano ya kwanza ya dunia kule Budapest, nyumbani kwa Ernő Rubik aliyeigundua mwaka 1974, na bingwa alikuwa Minh Thai wa Marekani kwa sekunde 22.95. Mimi mwezi uliopita kwa bahati ghorofa ya juu ilijipanga yenyewe nikapata 22.61. Kwa hiyo mwaka 1982 nilikuwa bingwa wa dunia, na mtu asiniambie habari ya kwamba yeye hakuwa na sumaku. Wenzetu wa sasa tusiwaongelee, Max Park alifanya 3.13 mwaka 2023, na mwaka 2025 mtoto wa Kichina, Xuanyi Geng, akafanya 3.05. Sekunde tatu mimi bado natafuta kipande cha kijani.

Nyota basi, maana rivyuu lazima iwe na nyota. Kyubu nne na nusu, nusu nimekata kwa lile jicho la mke wangu siku ya bei. csTimer ningewapa tano, nawapa nne kwa ajili ya ile dashibodi ya basi. Kile kibandiko cha ukutani nilichochapa mwenyewe na kulamineti nakipa moja, kipo bado, wateja wanadhani ni bei za huduma.

Mnaouliza kwenye zile algoridhimu 16 muanzie wapi, anzeni na ile F R U R' U' F' na Sune, na T. Hizo tatu tu unamaliza ghorofa ya juu kwa kurudiarudia, kasoro kingo za mwisho. Mpwa wangu yeye yuko kwenye sekunde 17. Nimemuahidi nikishuka chini ya sekunde 20 kyubu hii namwachia, mimi nanunua nyingine. Toka nimuahidi hanicheki tena, jioni anakaa pembeni yangu ameshika simu, "Anko, msalaba umechelewa. Rudia."